Mabinti wa Kubadilishana

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kitu kimoja: hakuna sketi iliyotoka mikononi mwake bila pindo la vidole vinne. Mafundi wengine hukunja kidole kimoja, wakaokoa kitambaa, wakamaliza kazi. Yeye alikunja vinne, akashona kwa mshono mlegevu unaofumuka bila kuchana nguo, kisha akamwambia mzazi, "Mwakani mlete, tutashusha." Na kweli mwakani mzazi alirudi, pindo likafumuliwa, sketi ikashuka, mtoto akapanda darasa. Miaka nenda miaka rudi aliwaona watoto wa mtaa mzima wakikua kwa namna hiyo, kuanzia kwenye pindo, na hakuwahi kujiuliza kama huko juu, kichwani, nako kumeongezeka kitu. Nani angejiuliza? Sketi imeshuka, darasa limepanda, mtoto anaendelea. Tuliamini hivyo wote, tusijifanye wajanja leo.

Kilichokuwa hakijulikani mtaani ni kwamba Mama Pindo alikuwa mwoga. Ukimkuta kwenye cherehani, mkasi shingoni kwenye utepe, chaki sikioni, akimfokea baba mzima aliyechelewa kuja kumpimisha mwanawe, ungesema huyu haogopi hata simba. Lakini simu yake ikiita na kuonyesha namba ya ng'ambo ya mpaka, mguu ulikuwa unakufa ganzi juu ya pedali. Huko ng'ambo ndiko alikokuwa binti yake wa pekee, na ni yeye mwenyewe aliyempeleka, kwa mikono yake miwili, mtoto akiwa na miaka tisa.

Habari hiyo inataka kuelezwa kidogo. Mama Pindo ana dada yake mkubwa aliyeolewa nchi ya jirani, mfuaji wa nguo katika nyumba ya wageni, mwanamke wa maneno machache na mikono iliyochujuka kwa sabuni. Mama yao alipofariki, dada wawili walikutana msibani kila mmoja na binti yake, na mabinti walikuwa rika moja. Siku ya tatu, machozi yalipopungua na maneno yakaongezeka, walianza kulalamikia shule.

"Kwetu," alisema Mama Pindo, "mtoto ajue asijue, mwaka ukiisha anapanda. Darasa lina watoto themanini, mwalimu hajui hata majina yao. Wewe mwenzangu una bahati. Kwenu asiyejua harudi nyumbani na cheti. Anakaa palepale mpaka ajue."

"Bahati gani hiyo?" alijibu dada yake. "Kwetu mtoto akishindwa anarudishwa darasa lilelile mpaka anakuwa mkubwa kuliko dawati. Wasichana wanaona aibu, wanaacha. Afadhali kwenu, mtoto anasonga mbele na wenzake, hakati tamaa."

Basi wakatazamana. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hilo halina mjadala. Mama mkubwa ni mama na mama mdogo ni mama. Kabla ya kuondoka msibani walikuwa wameshakubaliana: wewe chukua wangu ukamsomeshe kwenu, mimi nichukue wako nikamsomeshe kwetu. Kila mmoja alidhani amempunja mwenzake kidogo, na kila mmoja alijisikia vibaya kwa hilo. Ukicheka, cheka polepole, maana walifanya hivyo kwa mapenzi.

Walikabidhiana watoto mpakani, kwenye kizuizi cha chuma, mabinti wote wawili wakiwa na sare mpya alizoshona Mama Pindo. Binti yake, ambaye kwa kuongea bila kituo aliitwa Chiriku, alivuka akimpigia soga askari wa mpaka, wala hakugeuka nyuma. Mama yake alisimama pale akisubiri ageuke. Alijipa moyo kwamba mtoto asiyegeuka ni mtoto jasiri. Akamshika mkono yule wa dada yake, mkono mwembamba wenye jasho baridi, wakarudi nyumbani.

Huyo wa dada yake alikuwa kinyume cha Chiriku. Mpole, macho chini, "shikamoo mama mdogo" asubuhi na "asante mama mdogo" jioni. Lakini alikuwa na mwandiko! Herufi zimesimama sawasawa, zimeshikana mikono, hakuna iliyoinama. Mwaka wa kwanza tu majirani walimbatiza jina la Karani, na walimu walipotaka kitu kiandikwe vizuri kwenye kadibodi walimwita yeye. Mtu akitaka amwandikie kadi ya mwaliko, Karani alikuwa anasema kwa adabu, "Naomba uniandikie mfano kwanza, nisije nikakosea." Watu walimsifu kwa unyenyekevu huo. Mlangoni kwa Mama Pindo palining'inia kibao alichokiandika yeye, HAPA TUNASHONA SARE, alichokinakili kutoka kwa fundi wa mtaa wa pili, na kilikuwa kizuri kuliko kile cha mwanzo.

Mambo mengine Mama Pindo aliyaona na kuyaita kwa majina mazuri. Ujumbe ukiingia kwenye simu, Karani alimletea na kusema, "Nisomee wewe, mama mdogo, napenda unavyosoma." Naye Mama Pindo, aliyeishia darasa la nne na kusoma kwa kufuata mstari kwa kidole, alijisikia fahari. Alivaa miwani yake ya kushonea, akasoma neno baada ya neno, mtoto wa kidato cha pili akiwa ameegemea bega lake. Aliona ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo kweli, sitaki kuyaondoa.

Habari za Chiriku zilikuja kwa sauti. Mtoto yule hakuwahi kuandika ujumbe. Alirekodi maneno, dakika tano, sita, akicheka katikati. Mama Pindo alisema ndivyo vijana wa siku hizi walivyo, na isitoshe Chiriku alizaliwa mdomo ukiwa mbele. Aliposikia kwamba binti yake amerudishwa darasa, hakusikitika. "Wanampika," aliwaambia wateja. "Kule hawatoi chakula kibichi." Aliporudishwa mara ya pili alisema vilevile, ila sauti ilikuwa imepungua. Kila mwaka alimshonea sketi, akakisia urefu, akakunja vidole vinne, akampa dereva wa basi apeleke. Usiku hakulala vizuri siku za kupeleka sketi, kwa sababu alikuwa anakisia mwili wa mtoto wake mwenyewe.

Sasa, siku moja mchana alikuja binti mmoja mwenye mkoba mgongoni na fulana ya buluu, akasimama chini ya kile kibao cha Karani na kubisha hodi. Alikuwa msichana mchangamfu, viatu vimejaa vumbi. Alieleza kwamba wanapita nyumba kwa nyumba kuwasikiliza wasichana wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba wakisoma.

"Ni hadithi fupi tu, mama. Ya watoto wa madarasa ya chini. Tunaipeleka hiihii na kwa majirani zetu ng'ambo ya mpaka, halafu tunalinganisha wasichana wetu na wa kwao."

"Kwa majirani pia?" Mama Pindo aliuliza.

"Ndiyo mama. Wiki ijayo wenzetu wanaanza upande ule."

Mama Pindo alifurahi, nisimfiche. Aliona kama mashindano ya mpira ambamo yeye ana mchezaji kila upande. Akaita, "Karani! Njoo, mwanangu, umepata mgeni!" Akarudi kwenye cherehani, kwa kuwa alikuwa na mikunjo ya sketi ya kumaliza, akageuza kiti ili asikie vizuri.

Chumba kile kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia. Mbele kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na sare zilizotundikwa ukutani kama darasa la watoto wasio na vichwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na vitanda viwili. Karani alitoka nyuma ya pazia akikausha mikono. Binti wa utafiti alimkalisha kwenye kigoda, akamkabidhi karatasi ngumu, akamwambia aanze akiwa tayari.

Karani aliitazama ile karatasi. Akaiweka vizuri magotini. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, kama anayepangusa vumbi.

"Macho yananiuma kidogo," alisema.

"Pole. Usiwe na haraka."

Mguu wa Mama Pindo ulisimama kwenye pedali. Nje mtu alikuwa anaburuta ngazi, kisha naye akaacha, na kimya kikawa kikubwa mpaka kikajaa chumba. Mama Pindo aliuona mgongo wa Karani. Aliona shingo ikilowa jasho, na mabega yakipanda kuelekea masikioni, na akaelewa, kwa mara moja, bila kuambiwa na mtu. Halafu akafanya kitu cha ajabu, ambacho hata yeye hakukipanga: alianza kukanyaga pedali kwa nguvu, sindano ikipanda na kushuka, trrr, trrr, bila kitambaa chochote chini yake. Alishona hewa. Alitaka kelele tu, kimya kile kisisikike mpaka barabarani.

"Mama, samahani," alisema binti wa utafiti kwa upole, "ungesubiri kidogo?"

Akaacha.

"Tujaribu maneno basi," alisema yule binti, akageuza karatasi. Kisha akasema, "Haya, herufi." Herufi Karani alizitaja, nyingine kwa haraka, nyingine kwa kubahatisha. Binti wa utafiti hakucheka wala hakukunja uso, na hilo liliuma zaidi, maana ilionekana si wa kwanza kumwona siku ile. Mwisho alisema, "Sasa mimi nitakusomea, wewe nisikilize, halafu nitakuuliza." Akasoma:

"Mbuzi aliingia shuleni asubuhi na mapema. Alikuta kofia ya mwalimu mkuu juu ya kiti. Akaila yote, akabakiza ukosi. Mwalimu mkuu alipotoka nje, jua lilimchoma kichwani, na watoto wakamshauri avae mbuzi."

Aliuliza maswali matano, na Karani akajibu yote vizuri kuliko mwanasheria. Alijua mbuzi aliingia lini, alijua kilichobaki, akaeleza hata kwa nini watoto walikuwa wanatania. Binti wa utafiti alimtazama kwa muda. "Una akili sana," alimwambia, na alisema kwa huzuni. Akashukuru, akaondoka na vumbi lake kwenda nyumba ya jirani.

Mama Pindo hakumwuliza Karani kitu. Hapo ndipo uoga wake ulipoonyesha makucha. Mtu mwingine angepiga kelele, au angekumbatia, yeye aliinama kwenye mikunjo yake, akasema, "Weka maji ya chai." Kwa sababu alijua swali moja lingezaa la pili. Akimwuliza huyu, itabidi ajiulize na yule wa ng'ambo. Na kama yule wa ng'ambo naye hajui, basi ile miaka yote aliyokosa kumsuka nywele mwanawe, kumsikia akikohoa, kumwona akivunja ungo mbele ya macho yake na si kwa kuambiwa kwenye simu, aliitoa kwa ajili ya nini? Alimgawa mtoto wake ili asome. Ikiwa hasomi, basi alimgawa tu.

Jioni alimwona Karani uani, kati ya shuka zilizoanikwa, akinong'ona kwenye simu yake kuukuu, amefunika mdomo kwa kiganja. Mama Pindo alishtuka upya. Mvulana, aliwaza. Juu ya yote haya, mvulana. Alisogea nyuma ya mlango, akatega sikio, akasikia neno "mbuzi" tu, na Karani akageuka na kuzima simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Pindo alitamani aliyekuwa upande wa pili wa simu awe mvulana.

Zilipita siku. Walikula pamoja, wakafagia pamoja, wakaogopana. Karani alianza kuamka kabla ya kila mtu na kupiga pasi sare za wateja, hata zile zilizokwisha pigwa. Mama Pindo akiinua macho tu, mtoto alikuwa anasimama. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aseme, na kila mmoja alishukuru aliponyamaza. Usiku, kutoka kitanda chake, Mama Pindo alisikia pumzi ya yule mtoto, na alijua kwa jinsi ilivyokwenda kwamba naye yuko macho.

Kisha simu ikaita. Namba ya ng'ambo. Ganzi ikapanda kutoka unyayoni mpaka kiunoni.

"Mdogo wangu!" Dada yake, yule wa maneno machache, alikuwa anapiga kelele kama ameshinda bahati nasibu. "Leo wamekuja watu wa utafiti. Wamekaa hapa hapa tunapokunjia shuka. Mtoto wako amesoma! Hadithi nzima, hakukwama hata padogo. Kijana wa watu amepiga makofi. Na anavyosoma sasa, hata karatasi haitazami sana, anamtazama mtu usoni, anachezesha na mikono!"

Mama Pindo alikaa chini sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa. Furaha ilimpanda mpaka ikamtoka machoni. Ameweza. Mtoto wangu ameweza. Basi haikuwa bure. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Alhamdu... asante, dada. Asante kwa kunilelea."

"Na wangu je?" dada yake aliuliza. Sauti ilishuka ghafla. "Walifika huko kwenu? Karani amesoma?"

Karani alikuwa amesimama kwenye pazia. Pasi ilikuwa mkononi, imeinuliwa, haigusi nguo wala haiwekwi chini.

"Amesoma," alisema Mama Pindo.

Alisikia dada yake akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Mungu mkubwa. Unajua nilikuwa naogopa? Nilikuwa naogopa kukuuliza." Kisha akacheka. "Na hadithi yenyewe ya kuchekesha! Eti mbuzi amekula kofia ya mwalimu mkuu, akabakiza ukosi. Ndiyo hiyohiyo waliyoleta kwenu?"

Mama Pindo alisema ndiyo. Aliaga. Aliweka simu chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kumwagika. Kofia haina ukosi. Ukosi ni wa shati. Kola hiyo, fundi gani asiyejua? Siku ile binti wa utafiti aliposoma, Mama Pindo alikuwa amelishika neno hilo kwa kero ya kifundi, akasema moyoni kwamba walioandika hadithi hawajui nguo. Hilo halikuwa la ajabu, hadithi ni ileile pande zote. La ajabu lilikuwa jingine: mtoto anayesoma hutazama karatasi. Anayemtazama mtu usoni na kuchezesha mikono anasimulia.

Akamgeukia Karani. "Siku ile uani. Ulikuwa unaongea na nani?"

Karani aliweka pasi. "Mama mdogo, usimwambie mama."

"Nimekuuliza ulikuwa unaongea na nani."

"Na Chiriku."

"Ulimtumia."

"Aliniomba yeye, mama mdogo. Mimi nilimwambia tu wamekuja, nimeaibika. Akasema, basi niambie wewe, neno kwa neno, nilishike. Nikamrekodia. Akanirudishia kwa sauti mpaka akaipata yote." Maneno sasa yalimtoka yenyewe. "Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mimi ya huku nikiyasikia darasani namtumia, na yeye ya kule ananitumia. Tunakaririshana."

"Tangu lini hujui?"

"Nilikuja sijui. Hapa wakanipandisha, wakanipandisha tena, mwalimu anasema tuseme wote, tunasema wote. Herufi zikikaa moja moja nazijua. Zikikaa pamoja zinanikimbia."

"Na Chiriku?"

Karani aliinama, akaanza kuokota vipande vya kitambaa.

"Na mwanangu?" Mama Pindo alisema kwa nguvu, na woga wote wa siku zile ukatoka na neno hilo.

"Kule anakaa nyuma kabisa, na watoto wadogo. Mwalimu alishamchoka. Anamtuma maji, anamtuma kufagia ofisi. Chiriku anasema akishindwa tena ataambiwa mama mkubwa, na mama mkubwa atakwambia wewe, na wewe utalia. Anaogopa ulie. Ananiambia kila siku, usimwambie mama yangu." Akafuta pua kwa mkono. "Na mimi namwambia usimwambie mama yangu."

Hebu fikiria. Katika hesabu za wale watu wa fulana za buluu, nchi ya jirani ilikuwa imeshaongeza msichana mmoja anayejua kusoma, na nchi hii imepungukiwa mmoja, na wakubwa wangekuja kukaa mezani na kubishana kwa nini wenzetu wanatuzidi. Na tofauti yote ilikuwa ni kwamba kule walifika wiki moja baadaye.

Lakini Mama Pindo hakufikiria nchi. Alikuwa bado na mlango mmoja mdogo wa matumaini, na aliuogopa kuliko yote. Karani anasema Chiriku hajui. Lakini Karani hayuko kule. Labda mtoto anajua kidogo. Labda ni uvivu tu, mzaha wa kitoto. Kuna njia ya kupata hakika, na ilikuwa mfukoni mwa aproni yake muda wote huo, miaka yote, na hakuwahi kuthubutu kuitumia.

Alivaa miwani ya kushonea. Alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akifuta na kurudia:

"Mwanangu nakuja kukuchukua wiki ijayo. Unataka au hutaki?"

Karani alisogea, akaitazama skrini kutoka juu ya bega lake, kama alivyokuwa akifanya siku zote. "Umemwandikia nini, mama mdogo?"

Mama Pindo aligeuka akamtazama. Maneno yalikuwa pale, makubwa, yanang'aa, mbele ya macho ya mtoto wa kidato cha pili. Alibonyeza, ujumbe ukaenda.

Wakakaa sakafuni wakisubiri. Mama Pindo aliomba, na akaomba kitu cha kijinga: aliomba Chiriku akatae. Aandike tu "sitaki," aandike "usije," aandike neno lolote la kumvunja moyo, almradi liwe jibu la kile alichoulizwa. Nje watoto wa zamu ya mchana walikuwa wanatoka shule. Walipita mbele ya mlango wakikimbizana, na yeye, kwa mazoea, aliangalia sketi zao na kuona ni zipi zimefika wakati wa kushushwa.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti.

"Mama! Shikamoo mama! Nimeupata ujumbe wako, nimefurahi huyo, yaani nimecheka mwenyewe! Na mimi pia mama. Huku hatujambo wote, mama mkubwa anakusalimia, shuka za leo ni nyingi mpaka mikono imekufa. Ile sketi imenitosha, pindo bado lipo. Haya mama, asante sana kwa salamu. Wasalimie wote!"

Mama Pindo aliisikiliza mpaka mwisho. Akairudia. Ilikuwa sauti ya furaha kabisa, na chini yake, sasa alipojua pa kusikiliza, ilikuwa ya mtu anayetembea gizani kwenye chumba asichokijua na kujifanya anakifahamu. Mara ya tatu aliizima katikati. Karani alikuwa amejikunja, kichwa magotini, kwa kuwa yeye jibu la namna hiyo alilijua vizuri; lilikuwa lake pia.

Kilichofuata kilimchukua nguvu nyingi kuliko miaka yote ya pedali. Aliishika simu karibu na mdomo, akabonyeza, na kwa muda ikarekodi pumzi zake tu.

"Chiriku," alisema. "Ni mama. Sikukutumia salamu. Nimeandika hivi: mwanangu, nakuja kukuchukua wiki ijayo, unataka au hutaki? Ndivyo nilivyoandika. Sijakasirika. Silii." Alikuwa analia. "Najua, mwanangu. Najua yote."

Ikaenda. Safari hii kimya kilirefuka. Mama Pindo alipiga hesabu ya yote yanayokuja, na yote yalimtisha: dada yake aliyetua mzigo muda mfupi uliopita kwa uongo wake, mabinti wawili wa miaka kumi na tano wasio na pa kuanzia, shule gani itawapokea, na kama ni ileile, kwa faida gani, na yeye mwenyewe, wa darasa la nne, mwenye kidole tu cha kufuatia mstari. Aliogopa pia kwamba simu haitalia tena. Kwamba mtoto ameitupa kwenye beseni la sabuni na kukimbia.

Ikalia. Ilikuwa fupi, fupi kuliko zote alizowahi kutuma. Nyuma ilisikika maji yakichuruzika. Sauti haikuwa ya chiriku. Ilikuwa ya yule wa miaka tisa pale kwenye kizuizi, kama angegeuka.

"Mama, bado naitazama. Lipi hapo ndilo linasema unakuja?"

Mama Pindo alifuta miwani kwa pindo la gauni lake. Aliufungua tena ujumbe, akahesabu kwa kidole kutoka mwanzo asije akakosea. Karani aliinua kichwa, akasogea mpaka mashavu yao yakagusana, na yeye pia akaweka kidole.

"La pili, mwanangu," Mama Pindo alisema kwenye simu. "Anzia mwanzo. Ni la pili."